Sheria izuie kampuni za simu kutuhamishia vitufe kupitia sasisho? Tujadili

Kidole Gumba (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Simu yangu imejisasisha usiku, na nilipoamka vile vitufe vitatu vya chini havipo: cha kurudi, cha nyumbani na cha programu zilizo wazi. Sasa natakiwa kutelezesha kidole kutoka ukingoni. Nikitaka kurudi nyuma, picha inakimbilia nyingine. Nikitaka kuvuta menyu ya pembeni, natupwa nje ya programu kabisa. Sitaji kampuni, maana jina likishatajwa uzi unageuka ugomvi wa mashabiki.

Hoja yangu ni hii. Jambo ambalo mkono umeshajifunza ni mali ya mwenye mkono. Mtu akilipia nyumba, fundi hana ruhusa ya kuingia usiku na kuhamisha swichi ya taa. Sheria itenganishe mambo mawili: sasisho la usalama lije peke yake, la sura na vitufe lije peke yake, na hili la pili mtumiaji awe na haki ya kulikataa bila kuadhibiwa. Umoja wa Ulaya wameshalazimisha tundu moja la chaji, na kwa simu sheria hiyo inatumika tangu 28 Desemba 2024. Kama tundu limewezekana, kitufe kinashindikanaje?

Nawasilisha.

Skrini Safi

Napinga. Sheria kama hiyo ingekuwepo mwaka 2007 tungekuwa bado tunabonyeza vibodi vya BlackBerry. iPhone ilipooneshwa Januari ya mwaka ule, watu waliikataa kwa sababu haikuwa na kibodi ya kubonyeza, na leo hakuna anayeidai. Kila hatua ya maana huanza kwa kumkera aliyezoea ya jana. Ukimpa kila mtu haki ya kukataa, kampuni italazimika kutunza sura kumi za mfumo mmoja, na kila sura ina hitilafu zake.

Halafu, mkuu, ungekuwa na iPhone uzi huu usingeuleta. Kule mambo yametulia. Wanaohangaika na simu siku zote ni wa upande ule mwingine, wa Android.

Betri Kamili

Yametulia wapi? Mwaka 2017 iPhone X ilikuja bila kitufe cha nyumbani, kitufe kilichokuwepo tangu simu yao ya kwanza. Ile paneli ya kuwasha Wi-Fi na tochi, iliyokuwa inavutwa kutoka chini, ikahamishiwa pembe ya juu kulia ambako kidole gumba hakifiki. Na kurudi nyuma mpaka leo kila programu ina utaratibu wake: huku mshale juu kushoto, kule "Funga", kwingine uvute ukurasa chini. Watu hao hao walikaa miaka bila uwezo wa kunakili na kubandika, leo wanatufundisha utulivu!

Skrini Safi

Kunakili na kubandika tena? Hiyo ndiyo silaha yenu tangu enzi. Kilichelewa, ndiyo, lakini kilipokuja kilifanya kazi vizuri kutoka programu moja hadi nyingine. Kampuni inayosubiri mpaka kitu kiive inamheshimu mtumiaji kuliko inayomwaga kila kitu mezani halafu wewe ndiye unakijaribu kwa niaba yao.

Betri Kamili

Mtu anaandika ujumbe kwenye simu ya bei kubwa, anataka kuhamisha namba kutoka ujumbe mmoja kwenda mwingine, anaambiwa asubiri kiive. Ilikuwa 2008 au 2010, sikumbuki vizuri, lakini najua tuliwaonea huruma.

Kumbukumbu Ndefu

Ni Juni 2009, toleo la 3.0 la mfumo wa iPhone. Simu ilikuwa sokoni tangu Juni 2007, kwa hiyo ni karibu miaka miwili.

Ila ndugu zangu, mnagombania mali ya marehemu. Hizo ishara za kutelezesha kidole hakuna kati ya pande zenu mbili aliyeanza nazo. Palm Pre ya 2009, simu ya kampuni ya Palm, ulikuwa unarudi nyuma kwa kupitisha kidole kuelekea kushoto, kwenye eneo la chini ya skrini, na programu zilikaa kama kadi unazozirusha juu kuzifunga. Nokia N9 ya 2011 haikuwa na kitufe hata kimoja upande wa mbele. Mliowashangilia baadaye walikuta njia imeshafyekwa.

Na kwa mleta mada: unachodai kimeshafanyika. iPhone 5s ya 2013 iliachwa kwenye mfumo wa 12, na Januari 2023 bado ilipata sasisho la usalama bila kuguswa sura. Android nayo ina viraka vya usalama vya kila mwezi tangu 2015, vinavyokuja bila kungoja toleo jipya. Kwa hiyo anayesema haiwezekani kutenganisha usalama na sura anatetea uamuzi wa kibiashara, si kikwazo cha kiufundi.

Skrini Safi

Palm Pre haikudumu. Kubuni kitu na kukifanya kitumiwe na dunia ni kazi mbili tofauti, na ya pili ndiyo ngumu.

Kumbukumbu Ndefu

Haikudumu kwa sababu ilikosa programu, si kwa sababu ya ishara zake. Mtu aliyeishika anajua. Windows Phone ya 2010, mfumo wa simu wa Microsoft, iliishia pale pale: vigae vyake vilisomeka ukiwa unatembea, herufi kubwa, hakuna vurugu, na programu hazikuja. Ninaposikia leo kwamba bora ndiye aliyebaki, naumia. Waliobaki ni waliokuwa na duka kubwa la programu.

Betri Kamili

Kuhusu kuiva: tundu la hedfoni liliondolewa 2016 kwenye iPhone 7, Apple wakatuambia ni ujasiri. Wakatuachia kijiunganishi kidogo cha kupoteza. Ulikuwa ni ukatili kwa watu wenye hedfoni nzuri walizozitunza.

Skrini Safi

Na walioucheka huo ujasiri walifanya nini? Google walizindua Pixel ya kwanza mwaka ule ule wakijivunia kwamba tundu bado lipo. Mwaka uliofuata Pixel 2 ikaja bila tundu. Samsung wakaikejeli Apple kwa matangazo, kisha Agosti 2019 Galaxy Note 10 ikatoka bila tundu. Chaja ndani ya boksi vivyo hivyo: Oktoba 2020 Apple waliiondoa kwenye iPhone 12, wapinzani wakacheka, na Januari 2021 Galaxy S21 ikaja bila chaja. Mnachokichukia kwetu mnakipokea baadaye na kukiita maendeleo.

Betri Kamili

Sijawahi kukiita maendeleo. Usiniwekee maneno mdomoni. Nilipinga tundu kuondolewa kule, nikapinga na huku. Tofauti ni kwamba mimi nikikerwa na kampuni moja nahamia nyingine ndani ya Android hiyo hiyo na programu zangu nakuja nazo. Wewe ukikerwa unasubiri Septemba, iPhone mpya itoke.

Bi Arifa

Kaka zangu, naomba mnisikilize kidogo. Mama yangu mikono inamtetemeka. Kitufe kilichokaa mahali pamoja anaweza kukilenga, akikikosa anajaribu tena. Kutelezesha kutoka ukingoni hawezi: kidole kinaanza ndani kidogo ya ukingo, simu inaelewa kitu kingine, anajikuta amepiga simu au amefuta ujumbe. Tangu simu yake ibadilishwe vitufe amepunguza kuitumia. Hii habari ya nani aliondoa tundu kwanza inamsaidia nini?

Skrini Safi

Pole kwa mama, dada. Lakini msaada upo kwa kila mfumo. iPhone ina AssistiveTouch tangu iOS 5 (mfumo wa iPhone) ya 2011, kitufe kinachoelea juu ya skrini na kufanya kazi za vitufe halisi. Android wana menyu ya ufikivu, ya kuwarahisishia matumizi wenye shida kama hiyo, na hata vitufe vitatu havijafutwa, vimefichwa kwenye mipangilio ya usogezaji. Tatizo ni kwamba watu hawafungui mipangilio. Wazee hasa hawapendi kujifunza, na hilo sheria haiwezi kulitibu.

Bi Arifa

Hawapendi kujifunza? Mama yangu alijifunza simu ya vitufe, akajifunza ya kugusa, akajifunza kupiga za video, akajifunza kutofautisha ujumbe wa kweli na wa matapeli. Kila kitu alichojifunza kimehamishwa angalau mara moja tangu akijue. Anayechoka kujifunza jambo lile lile upya si mvivu, kaka. Na unaposema vitufe vimefichwa, umeshajibu mwenyewe. Nani aliyevificha?

Kidole Gumba (mleta mada)

Dada, hapo ndipo mada yenyewe ilipo. Nashukuru.

Skrini Safi

Sikumtukana mama wa mtu. Nasema kwa ujumla.

Betri Kamili

"Kwa ujumla" ndiyo mlivyosema hata 2010, iPhone 4 ilipokuwa inapoteza mtandao mkono ukigusa pembe ya chini kushoto. Watu wakaambiwa wasiishike vile, kisha wakagawiwa kava bure. Desemba 2017 wakakiri kwamba simu za zamani zilikuwa zinapunguzwa kasi kupitia sasisho, kwa sababu ya betri zilizochoka, bila mwenye simu kuambiwa waziwazi. Mwaka 2020 wakakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi. Hapo mtumiaji ndiye alikuwa hajui kushika na hajui betri?

Skrini Safi

Walipunguza kasi ili simu isizime ghafla. Kosa lilikuwa kutosema, na walilipia. Kwenu mwaka 2016 Galaxy Note 7 ilikuwa inawaka moto, ikarudishwa, ikabadilishwa, mbadala nao ukawaka, ikapigwa marufuku kwenye ndege, mwishowe ikasitishwa. Ukipima makosa ya pande mbili, pima yote.

Betri Kamili

Note 7 ni simu moja ya kampuni moja. Android ni kampuni nyingi. Mbona hilo halikuingii?

Mtumiaji Tu

Nilikuwa nasoma kimya. Kuwa nyingi nako kuna gharama yake. Samsung kitufe cha kurudi kiko kulia, Pixel kiko kushoto. Anayetoka simu moja kwenda nyingine anabonyeza pasipo siku nzima. Samsung angalau wanakuruhusu kugeuza mpangilio, na mimi naona hiyo ndiyo adabu: badilisha unavyotaka, lakini niachie njia ya kurudi nilikotoka.

Na hakuna aliyegusa ukubwa. Steve Jobs mwaka 2010 alisema simu kubwa hakuna atakayeinunua, kwa kuwa haienei mkononi. Mwaka 2014 ikaja iPhone 6 Plus, na ikabidi wabuni ujanja wa kugusa kitufe mara mbili ili nusu ya juu ya skrini ishuke kukifuata kidole. Simu ikishahitaji skrini ishushwe, vipimo vyake vimemshinda binadamu. iPhone ndogo ya mini ilitoka 2020 na 2021, ikaishia hapo. Pande zote mbili zimetuacha wenye viganja vidogo, na mashabiki hamna hasira kabisa kuhusu hilo.

Skrini Safi

Mini haikununuliwa vya kutosha. Hilo ni soko, si chuki kwa viganja. Na soko ndilo jibu langu kwa mada nzima. Angalieni iOS 26 ya 2025: sura mpya inayopenyeza kama kioo iliwakera wengi, maandishi hayakusomeka vizuri juu ya picha. Watu walipaza sauti, na toleo la 26.1 likaleta chaguo la kukifanya kioo kiwe kizito zaidi, kisipenyeze sana. Hakuna bunge lililokaa. Mimi mwenyewe nimekiweka hicho kizito na maisha yanaendelea.

Betri Kamili

Kwa hiyo na wewe ulikerwa.

Skrini Safi

Nilikerwa, nikapewa chaguo, nikachagua. Ndiyo ninachokitetea.

Kidole Gumba (mleta mada)

Ndugu Skrini Safi, hoja hujibiwa kwa hoja, nami nakujibu kwa mfano wa huko huko kwako. Mwaka 2021 iOS 15 ilipotoka, Apple waliwapa watu chaguo rasmi: baki kwenye 14 na uendelee kupata sasisho za usalama. Ni kile kile ninachokidai, na kilitolewa bila sheria yoyote. Januari 2022 kikaondolewa, wakasema tangu mwanzo kilikuwa cha muda. Aliyetaka usalama ikambidi apokee na sura mpya. Chaguo unalopewa kwa hisani, aliyekupa analichukua siku akitaka. Hapo soko lilikusaidia nini?

Skrini Safi

Kutunza matoleo mawili kwa mamia ya mamilioni ya watu si kazi ndogo.

Kidole Gumba (mleta mada)

Kwa iPhone 5s wameweza, na ilikuwa simu ya karibu miaka kumi. Sidai milele. Nadai kwa muda wote ambao kampuni yenyewe inatangaza kuihudumia simu. Google waliahidi miaka 7 kwa Pixel 8, Samsung nao miaka 7 kwa Galaxy S24. Miaka 7 ya usalama isiwe miaka 7 ya kunihamishia vitu.

Mtumiaji Tu

Hapo naunga mkono. Na iwekwe kwenye skrini ya kwanza baada ya sasisho, kwa maandishi makubwa: vitufe vyako vya zamani au ishara mpya? Isizikwe ndani ya mipangilio.

Skrini Safi

Swali la skrini ya kwanza nalikubali. Sheria bado nakataa.

Betri Kamili

Bila sheria atakayeliweka hilo swali ni nani? Yule yule aliyeficha vitufe?

Bi Arifa

Mkiendelea, kuna mwenye kujua namna ya kuzuia sasisho la sura kwenye simu ya mama bila kuzima la usalama? Nimetafuta kwenye mipangilio, naona swichi moja tu, inazima yote mawili.