Nimemfuatilia mama mpaka Morogoro, nimemkuta na "Fundi Bomba". Naombeni ushauri

Binti wa Tabata

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani, mama yuko sebuleni na leo ni siku ya tatu hanisemeshi. Chekeni mkimaliza kusoma, siyo sasa hivi.

Baba alifariki 2018. Mama ana miaka 62, muuguzi mstaafu, anaishi na mimi na mdogo wangu wa kiume. Maisha yake yalikuwa kwaya, kikoba, taarifa ya habari saa mbili, na ikifika saa tatu anakoroma. Ungeweza kurekebisha saa ya ukutani kwa kumtazama yeye.

Mwaka jana mambo yakaanza kubadilika. Simu ikawekwa namba ya siri, simu ambayo mimi ndiye nilimfundisha kuitumia. Likaja wigi. Halafu goti: lile goti linalomzuia kupiga magoti kanisani miaka sita sasa likapona bila dawa. Kila baada ya Jumamosi mbili anatoka alfajiri, "naenda kikoba", anarudi usiku na mkungu wa ndizi. Kikoba gani kinagawa gawio kwa ndizi? Hata jikoni kukaguswa. Beseni la bluu lililokuwa chini ya sinki tangu niko shule ya msingi silioni, nikadhani kalipeleka bafuni.

Na kila saa tatu usiku simu inaita, kwenye kioo: FUNDI BOMBA. Mama anatoka nayo uani dakika arobaini. Jamani, fundi bomba wetu namjua, ukimpigia wewe na maji yamejaa sebuleni hapokei.

Mdogo wangu akasema huyo ni tapeli wa mitandaoni. Mtaani kwetu kuna mama alitumiwa picha za "mwanajeshi wa Marekani", akamtumia karibu kiinua mgongo chote. Nikaingiwa na hofu. Siku hiyo hiyo nikakuta tiketi ya SGR imekunjwa ndani ya Biblia yake, Dar kwenda Morogoro. Tukapanga kumfuata.

Nikaazima baibui na nikabu kwa jirani yetu, Mama Swaumu. Nilimwambia ni la igizo la kanisani, Mungu anisamehe. Mdogo wangu akavaa kofia na miwani ya jua, saa kumi na moja alfajiri. Nauli 13,000 kila mmoja. Nilichosahau ni kwamba tiketi ina jina na mlangoni wanataka kitambulisho. Dada wa ukaguzi akaniomba nifunue uso, akatazama kitambulisho, kisha akasoma majina yangu matatu kwa sauti kama anatangaza mshindi wa bahati nasibu. Mama alikuwa hatua kama kumi mbele. Hakugeuka. Nikasema tumepona.

Treni yenyewe inakimbia, hata saa mbili hazikuisha tukawa Morogoro. Mama akachukua bajaji, na sisi yetu, mpaka soko la Chifu Kingalu. Tukajibanza nyuma ya magunia ya viazi. Tukamuona amesimama na mzee mrefu, mvi zimechanwa vizuri, kachomekea. Pochi ya mama iko begani kwa huyo mzee. Anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda linashuka refu bila kukatika, anampa mama kipande, mama anatema mbegu kwenye kiganja CHAKE YULE MZEE. Nilitaka ardhi ipasuke.

Wakaja upande wetu. Nikainamia viazi kama nachagua. Mdogo wangu badala ya kuinama akavua kofia, akavua miwani, akanyooka kama mstari wa asubuhi shuleni, mikono nyuma: "SHIKAMOO MWALIMU!"

Ni mwalimu wake wa nidhamu wa sekondari. Aliyemcharaza kidato cha pili kwa kuruka ukuta. Kijana ana miaka 29, ana mtoto, anasema mdomo ulifunguka wenyewe.

Mzee akajibu, "Marahaba. Shati." Mdogo wangu akachomekea palepale sokoni.

Mama akanitazama kuanzia nikabu mpaka miguuni. Nilikuwa nimevaa raba za mdogo wangu. Akauliza kitu kimoja tu: "Mama Swaumu anajua baibui lake limefika Morogoro?"

Kurudi tulipanda treni moja, hakutusemesha. Sasa mdogo wangu kwa kihoro akaandika kila kitu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Shangazi yupo Singida, dada yake marehemu baba, amesema anakuja Ijumaa "kulinda nyumba ya kaka". Na mama amemwambia mdogo wangu, siyo mimi, kwamba mzee anakuja kutusalimia Jumamosi.

Nifanye nini? Namwomba mama msamaha kwa njia gani? Na shangazi nimzuie vipi? Nawasilisha.

Kiroboto

Uzi bila picha ya mdogo mtu amechomekea sokoni haujakamilika.

Mama Mbili

Mtoa mada, mtu kubeba pochi ya mwanamke sokoni, mchana kweupe, mji anaojulikana na wanafunzi wake wote! Mume wangu mwaka wa 14 huu hajawahi kunishikia hata kanga. Muache mama yako ale chungwa.

Mzee wa Reli

Mimi ni mjane, yaani mwanamume niliyefiwa na mke. Acha nikwambie jambo ambalo watoto hamlifikirii. Tatizo la upweke siyo usiku, usiku unalala. Tatizo ni saa kumi na moja jioni. Umemaliza kazi zako, chai imechemka, umemimina vikombe viwili kwa mazoea, kimoja unakitazama. Wanangu wananitumia hela kila mwezi na nawashukuru. Hakuna hata mmoja anayenipigia dakika arobaini.

Kiroboto

Mzee wa Reli umenifanya nimpigie baba. Kauliza nimepatwa na nini.

Umm Khayrat

Dada, utani weka pembeni. Nikabu siyo vazi la upelelezi. Umeliazima kwa uongo, umelivaa kwa uongo, umeinamia nalo viazi. Kabla hujamwomba radhi mama yako, lifue, lipige pasi, lirudishe kwa mwenyewe na umwambie ukweli. Akikusamehe yeye, anza na wa pili.

Wakili wa Mtaani

Nianze na shangazi maana huyo ndiye moto. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68, inasema mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume anayemtaka mwenyewe, hata kama mila zinasema vingine. Kama ndoa ilikuwa ya Kiislamu anasubiri eda iishe. Mama yako amekaa tangu 2018, hadaiwi na mtu.

Nyumba: kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali. Mwalimu akimuoa mama yako kesho hapati hata tofali kwa sababu ya kuoa tu. Swali la maana hujaliuliza: mirathi ya baba ilifunguliwa? Msimamizi alithibitishwa na mahakama? Kama hati bado inasoma jina la marehemu, miaka yote hii mmelala, na shangazi atakuja na hoja kubwa kuliko chungwa. Kakae na mama mlimalize hilo, na mlifanye kwa ajili yake, siyo kwa kumuogopa mwalimu.

Tena ni afadhali waoane mchana. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawachukulia kama mke na mume, kifungu cha 160 kinaruhusu wachukuliwe kuwa wameoana mpaka ithibitike vinginevyo. Ndoa ya wazi inatolewa taarifa siku 21 kabla, kila mwenye neno anapata nafasi ya kulisema. Hata shangazi.

Na usijaribu kufungua hiyo namba ya siri. Kuingia kwenye simu ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, awe mama yako au la.

Chuma Ulete

Nyie mnafurahia tu. Mstaafu wa Morogoro na muuguzi mstaafu mwenye nyumba Tabata, hamuoni hesabu hapo? Tapeli siyo lazima awe mwanajeshi wa Marekani. Mama amewahi kumtumia hela? Hilo ndilo la kuuliza.

Binti wa Tabata

Chuma Ulete, niliuliza jana kupitia mdogo wangu. Jibu la mama: "Yeye ndiye ananilipia nauli." Na inaonekana walikutana kwenye treni hiyo hiyo, mama akienda msibani. Siti zina namba, wakapangwa pamoja.

Chuma Ulete

Basi sawa. Lakini macho yasifumbwe.

Mpwani wa Kisauni

Huku kwetu Mombasa shangazi kama huyo hazuiwi, apokewa. Mpikie vizuri, mpe kitanda kizuri, na mkalishe pamoja na mamako kabla ya huyo mgeni kufika. Shangazi aja na vita kwa kuwa yeye pia kafiwa. Aliyekufa ni kakake. Huyo hakupata kaka mwengine.

Mama Mbili

Mpwani umesema. Na wewe binti, msamaha hauombwi kwa meseji wala kwa kumtuma mdogo wako. Piga magoti, wewe goti lako ni zima.

Binti wa Tabata

MREJESHO. Samahani nimekawia, watu wengi mmenifuata chemba.

Baibui nimelirudisha. Mama Swaumu alicheka mpaka akakaa chini, kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Mama alimpigia kutoka Stesheni, nilipotajwa majina yangu mlangoni, akamuuliza, "Umemwazima mwanangu nguo?" Yaani safari nzima mama alijua tuko nyuma yake. Soko alituzungusha kusudi.

Kwa mama nilipiga magoti Alhamisi usiku. Alikuwa anachambua mchele. Hakuniambia niinuke mpaka akamaliza ungo mzima. Kisha akasema, "Ungeniuliza ningekwambia." Nikasema ningeuliza asingeniambia. Akafikiri kidogo, akasema ni kweli.

Mirathi: msimamizi ni mama mwenyewe na karatasi za mahakama anazo, ila jina kwenye hati halijabadilishwa. Tunaanza wiki ijayo. Asante sana Wakili.

Shangazi alifika na kuku wawili na uso wa mahakama. Siku nzima ya Ijumaa hakuitikia utani wa mtu. Usiku walikesha na mama, mlango umefungwa, tukasikia kilio, tukasikia kimya. Asubuhi shangazi akatoka akauliza mgeni anakula nini. Hajasema amekubali, ila kuku mmoja amechinjwa.

Mzee alikuja saa saba kamili kwa dakika zake. Mdogo wangu alimpokea amechomekea bila kuambiwa. Walipokula, mzee akamwambia, "Ile siku ya ukuta, nilikuchapa kuliko kosa lako." Kijana akajibu, "Hapana Mwalimu, niliruka mara nne." Wote wawili wakaangalia sahani.

Simu ya mama iliita wakati mzee yuko bafuni ananawa. Kumbe mzee aliibonyeza yake kwa bahati mbaya. Kioo kikaandika FUNDI BOMBA mbele ya shangazi. Nikamuuliza mama kwa sauti ya chini, mambo yote yako wazi, kwa nini hubadilishi hilo jina?

Akanitazama kama nimeuliza ujinga. "Bomba la jikoni limevuja tangu baba yenu yuko hai. Mmeweka beseni miaka ishirini. Nani alilitengeneza?"

Nimeenda jikoni nimefungua kabati la chini ya sinki. Pakavu.

Kiroboto

Muulize kama anafanya na Mbezi.