Mama mkwe anasema ukoo wao unatoka kwa John Howland wa Mayflower, nitahakikishaje?

Binti_Tanga: Habarini wakuu. Nimeolewa huku Massachusetts, mama mkwe ana karatasi za ukoo zinazosema wametokana na John Howland aliyekuja na meli ya Mayflower iliyoleta walowezi wa Kiingereza Amerika 1620, eti mkewe alikuwa mjukuu wa gavana John Carver. Wanangu wameanza kuuliza, upande wangu naujua hadi babu wa babu ila huu wa baba yao nataka niwaandikie kitu cha kweli. Na ile ya kuanguka baharini ni kweli?

Mzee_wa_Makabrasha: Ya baharini ni kweli dada, kaiandika William Bradford aliyekuwa meli hiyo hiyo. Howland alikuwa kijana mtumishi wa Carver, akapanda juu kuna dhoruba, meli ikalala upande akadondoka, kulikuwa na kamba ya tanga inaburuzika majini akaidaka, akazama nayo kabisa lakini hakuiachia mpaka wakamvuta na kumwopoa kwa kiopoo. Ila hiyo ya mjukuu wa Carver futa. Watu waliiamini miaka mingi sababu mswada wa Bradford ulikuwa umepotea, ukaja kuonekana London kwenye maktaba ya askofu ukachapwa 1856, na mle kuna orodha ya abiria: Howland alimuoa Elizabeth binti wa John Tilley. Baba na mama wa huyo binti walikufa muda mfupi tu baada ya kufika, baridi ile ya kwanza iliondoka na karibu nusu ya abiria 102, yeye akabaki yatima wa miaka 13 hivi.

Shemeji_wa_Worcester: Naongezea, jina Howland lisikudanganye, John alikuwa na ndugu zake Henry na Arthur walikuja baadaye na meli zingine nao wana uzao mkubwa. Anza kwa mumeo upande juu, kila kizazi upate cheti cha kuzaliwa, ndoa na kifo. Chama cha wazao wa Mayflower kimechapa vitabu vya vizazi 5 vya kwanza, ukivifikia hivyo umepona. Na watoto waambie pia Plymouth, makazi waliyoanzisha watu wa Mayflower, ilijengwa juu ya Patuxet, kijiji cha Wawampanoag (wenyeji wa asili wa huko) ambacho watu wake walimalizwa na maradhi ya wazungu kabla hata Mayflower haijafika, hiyo isiachwe nje ya historia yao.

Nana_K: Mimi namheshimu sana huyo bibi Elizabeth jamani. Watoto 10 na wote wakakua wakaoa na kuolewa, enzi zile! Wosia wake wa 1686 upo, mwanae John kampa pauni 5, kitabu cha Tyndale (yule mfasiri wa Biblia kwa Kiingereza), mashuka, foronya na mablanketi, Isaac naye kapewa kitabu cha dini. Akafia Swansea ya huku Massachusetts 1687 kwa binti yake Lydia.

Binti_Tanga: Asanteni sana. Karatasi zinapita kwa Hope aliyeolewa na John Chipman.

Mzee_wa_Makabrasha: Basi huyo Hope ni binti wa John na Elizabeth kabisa, kazikwa Barnstable. Tafuta watoto wa Chipman sasa.