Naombeni ushauri: mama anataka kuacha kemo arudi nyumbani, kaka hataki
Habari zenu ndugu. Mama yetu ana saratani ya koo la chakula, imeshafika kwenye ini. Amesema mwenyewe, akili timamu, kwamba dripu za kemo basi. Anataka kurudi Pangani alale kitandani kwake. Daktari wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, amemuelewa. Katuandikia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kila baada ya saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo maana mofini hufunga tumbo. Muuguzi naye kamfundisha kutulia na kufuatilia pumzi yake maumivu yakipanda. Mama kaifanya yake: anavuta pumzi tasbihi mkononi, na usingizi anaupata kweli.

Shida ni kaka mkubwa. Anasema tunamuua mama, eti mofini itamfanya teja. Anataka apelekwe India, na kwenye grupu la ukoo ameshaanza kuchangisha bila hata kumuuliza mgonjwa! Mimi niko upande wa mama.

Mliowahi kuuguza: kikao cha familia mlikiendeshaje, mgonjwa mwenyewe akiwepo? Nani alimkalisha chini mkubwa wenu akasikia? Na huko wilayani, chupa ya mofini ikiisha mlipata wapi nyingine?