Jirani wa Kadutu, Bukavu: maneno ya mzee yakianza kupotea

*Mama Furaha:* Jambo kwenu wote. Nauliza juu ya mzee mmoja wa hapa avenue. Pesa anahesabu sawasawa, njia ya soko haimpotei. Lakini siku hizi kila kitu ni "kile kitu". Juzi binti yake amemwambia kuna sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) mezani, akauliza: "Sambaza ndiyo nini?" Nyumbani wanasema ni uzee.

*Da Chantal (mtaalamu wa usemi):* Mama Furaha, swali hilo la sambaza lina uzito. Uzee wa kawaida neno linaponyoka, ukimtajia analidaka: "Ee, ndilo!" Huyu ametajiwa neno lenyewe na halimwambii kitu. Maana ndiyo inafutika, na inaanzia kwenye vitu mahususi: sambaza anakuwa samaki tu, samaki anakuwa mnyama, mwishowe vyote ni "kitu".

*Docta Bahati:* Kwanza tujue ilianzaje. Maneno yakipotea ghafla, hasa mdomo ukipinda au mkono ukilegea, hicho ni kiharusi: hospitali saa hiyohiyo. Akichanganyikiwa ndani ya siku chache, tunatafuta malaria, maambukizi, sukari, dawa mpya aliyoanzishiwa. Ila kama ni miezi, inazidi, na lugha ndiyo imetangulia kuharibika wakati kazi nyingine bado anaziweza, tunafikiria afasia, yaani kupotewa na lugha, inayoendelea polepole. Kwenye karatasi zetu tunaandika APP, kwa Kifaransa *aphasie primaire progressive*. Mesulam aliieleza mwaka 1982 kwa wagonjwa 6, na tangu 2011 tunaigawa katika aina 3.

*Mama Furaha:* Aina hizo mtu wa kawaida anaweza kuzitofautisha?

*Da Chantal:* Kwa sikio, kiasi fulani. Mzee huyo kama anaongea mbiombio lakini maneno ni matupu, ni aina ya maana: panapoharibika ni ncha ya mbele ya ubongo wa pembeni, kushoto.

Mwingine anaongea kwa kusukuma, sentensi fupifupi, sauti zinagongana. Mwambie aseme "mkalimani" mara 5: kila mara linatoka kwa namna yake.

Wa tatu anasimamasimama akitafuta neno, na sambaza anamjua vizuri. Mwambie arudilie: "Mama alinunua sombe na mawese sokoni kabla mvua haijanyesha." Atakupa wazo, au mwanzo tu, kwa sababu kile kinachoshika sauti kichwani kwa sekunde chache kimelegea. Chini ya aina hii mara nyingi ni ugonjwa wa Alzheimer.

*Mwalimu Zihindula:* Kama alisoma Kifaransa, mpeni *femme*, *monsieur*, *oignon*. Aliyepoteza maana huyasoma kama yalivyoandikwa, herufi kwa herufi. Kiswahili kitawadanganya hapo: kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo ukurasa mzima atausoma bila kosa, na nyumbani watasema mzee ni mzima.

*Mama Furaha:* Nimemsikia pia akisema "kitabu yangu". Ni dalili?

*Da Chantal:* Hapana kabisa! Hapa Bukavu nusu ya mji tunasema hivyo. Msimpime kwa Kiswahili cha shuleni, mpimeni kwa usemi wake wa zamani. Tafuteni kwenye simu audio zake za miaka 2 au 3 iliyopita, mzisikilize pamoja na za sasa: anasimama mara ngapi kwa dakika moja, "kile kitu" ngapi. Docta atazihitaji.

*Yaya Espoir (muuguzi):* Na mashi, lugha ya Bashi, msiisahau. Mtu aliyekulia mashi akipimwa kwa Kifaransa peke yake ataonekana mgonjwa kuliko alivyo. Sambaza akipotea kwenye Kiswahili na kwenye mashi, ni maana. Neno likikosekana kwenye Kifaransa tu, huenda hakukitumia siku nyingi.

*Docta Bahati:* Kweli kabisa. Hata ule mtihani wa alama 30 wa kupima akili na kumbukumbu unapotosha, karibu kila swali linapita kwenye maneno. Ataangukia alama chache, wataandika amepoteza akili yote. Ombeni apimwe pia kwa kuchora na kuhesabu pesa.

Masikio kwanza, nta inaweza kuziba. Damu: sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU, kaswende. Skana ni ya kutafuta uvimbe, kiharusi cha zamani, au damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka. Kusinyaa kwa ubongo IRM (picha ya sumaku, wengine wanaiita MRI) inakuonyesha vizuri zaidi. Picha ikitoka safi mwanzoni haiondoi ugonjwa, usemi huweza kuitangulia picha.

*Mama Furaha:* Tukingoja hospitali, tufanye nini?

*Da Chantal:* Wekeni mezani vitu 10 vya nyumbani: mwiko, kitana, ufunguo, kikombe... Kwa kila kimoja: "Hii inaitwaje?" Mkimaliza vyote, mnageuza: "Nionyeshe kitana." Asipokitaja lakini akakionyesha, neno ndilo haliji. Akishindwa kote, mpeni kitana mkononi muone kama atachana nywele. Andikeni jibu lenyewe alilotoa, msiandike "amekosea". Na fanyeni wajukuu wakiwa nje, mzee asiaibike.

Dawa ya kuponya haipo, mama, sitawaficha. Lakini daftari la picha, za kuonyesha neno lisipokuja, lianze sasa, watu wake, vyakula vyake, duka lake, angali anaweza kuchagua mwenyewe kinachoingia.

*Mama Furaha:* Aksanti sana. Binti yake anabadilisha simu kesho. Namkimbilia, asije akafuta zile audio.