Kiti cha gemu: matundu ya mgongo hayalingani

Wakuu, nipo Area C, Dodoma. Nafunga kiti kipya cha gemu cha mdogo wangu. Magurudumu yote matano yameingia, ila mgongo unanitesa: boliti za kushoto nimekaza vizuri, za kulia matundu yamepishana. Nitoboe?

— Usitoboe mkuu! Legeza za kushoto. Boliti zote nne zishike kwa vidole kwanza, ndipo ukaze kwa alenki (ule ufunguo wa pembe sita), kidogo huku kidogo kule.

— Bomba la gesi, lile la kupandisha na kushusha kiti, halina boliti, usihangaike kuitafuta. Lichomeke, mtu akikalia linajibana lenyewe. Na kwa vumbi letu hili, safisha magurudumu mara kwa mara. Nywele zikijisokota mle yanagoma kuzunguka.

— Zimeingia zote! Dogo kashakalia. Asanteni sana wakuu.