Naenda Bukoba na Premio Krismasi hii, nikague nini kabla ya kutoka Mwanza?

Mtu wa Igoma
Wakuu heshima kwenu. Nipo Mwanza, Igoma huku, gari yangu ni Premio cc 1490, nimeinunua mwezi wa tano kwa jamaa aliyeiagiza Japan, na toka niichukue safari ndefu niliyoenda nayo ni Magu kwenye msiba basi. Sasa tarehe 22 nataka kwenda Bukoba ukweni, mimi, mama watoto, watoto wawili na mizigo, na si unajua ukweni hauendi mikono mitupu, kuna kilo hamsini za mchele na sato wa kwenye barafu. Hiyo njia siku zote nilikuwa napita na basi tena nimelala, kuendesha mwenyewe ndo mara ya kwanza.

Fundi wangu kaiangalia kasema iko fiti, nimwage oili tu niondoke. Tairi sina shaka nazo kabisa, zilikuja na gari toka Japan, zina kashata nene, yale matuta ya mpira yanayoshika barabara, mpaka jirani ananionea wivu. Shaka yangu ni hizi mvua, halafu kuna kitu kimoja, mshale wa temprecha unachelewa sana kupanda na nikiwa kwenye mwendo unashuka karibu na C, upande wa baridi. Fundi anasema ni jambo zuri, injini ipo kwenye ubaridi. Ni kweli? Na nitoke saa ngapi maana shemeji anasema nitoke saa nne usiku nikwepe trafiki na tochi zao za kupima mwendo.

Gia Namba Mbili
Saa nne usiku na mvua hizi na njia huijui?? Huyo shemeji ana bima ya maisha kwa jina lako nini 😂😂

Mkuu usiku usiende. Lori linakufa taa za nyuma halina, utingo kakata majani kayaweka barabarani hatua kumi na tano nyuma ya lori, wewe uko mwendo wa 100 na kioo kina maji, hayo majani utayaona ukiwa umeshafika uvunguni. Ukiona matawi barabarani mchana au usiku punguza mwendo kwanza maswali baadaye. Na tochi dawa yake ni kuwa chini ya 50 ukiona kibao cha kijiji, haina dawa nyingine.

Fundi Mstaafu
Kijana wangu wa Igoma, nimeshika spana miaka mingi hapahapa Nyakato, acha nikuambie taratibu. Huo mshale kushuka ukiwa kwenye mwendo sio uzuri. Gari yako ina uwezekano mkubwa imetolewa thamostati. Ile thamostati kazi yake ni kufunga maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, hizo injini inafunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Ukiitoa maji yanazunguka muda wote, injini haipati joto, kompyuta inaona bado asubuhi inaendelea kumimina mafuta mengi, kwa hiyo unachoma hela na oili inachafuka mapema. Sawa, hilo halitakulaza njiani. Linalonisumbua mimi ni kwamba mtu hatoi thamostati kwa kupenda. Huwa inatolewa kwa sababu gari ilikuwa inachemsha na mwenye nayo hakutaka kutafuta chanzo, au alitaka kuiuza. Kwa hiyo jiulize ilitolewa kuficha nini. Angalia rejeta kama imeziba, angalia feni inawaka au la, angalia mpira wa chini ukiubonyeza umelainika kama chapati, na uangalie kama maji yanapungua kila siku. Fungua mfuniko ASUBUHI injini ikiwa ya baridi, usije ukafungua ya moto, maji ya kwenye rejeta yanakaa kwa presha na ukifungua yanaruka usoni. Nimeshaona mtu kabanduka ngozi. Ukikuta maji ya kutu ya rangi ya chai basi alikuwa anaweka maji ya bomba tu, safisha uweke kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, na thamostati mpya, sio ghali.

Halafu breki. Usiulize pedi tu, uliza maji ya breki yana umri gani. Yale maji yanavuta unyevu hewani, yakizeeka ukishuka mlima mrefu yanachemka na pedo inakwenda chini kama umekanyaga sponji. Na ukishuka mlima usikae na D unakanyaga breki mwanzo mwisho, kama gia yako ina kitufe cha OD, yaani ile gia ya juu kabisa, kizime, mlima ukiwa mkali weka 2, injini ikushike. Ukisikia harufu kama ya waya unaungua paki pembeni upumzishe.

Upepo, fungua mlango wa dereva utaona stika, Wajapani wanaandika kPa, 220 ni kama PSI 32. Pima asubuhi kabla hujatembea, na hiyo mizigo yako usiende na upepo wa kukisia kwa kupiga teke tairi kama nyie vijana mnavyofanya. Na spea tairi nayo ipimwe, watu wanaikumbuka wakiwa wamepiga magoti kwenye tope.

Waipa mpya, hizo hata sielezi.

Msukuma Ughaibuni
Wakuu nipo Ujerumani lakini nyumbani ni Kwimba. Kuna kitu kwenye swali kimenishtua na wote mmekiruka. Tairi zilikuja na gari toka Japan na zina kashata nene? Kaka hebu nenda kwenye gari saa hizi usome ubavuni mwa tairi. Ukikuta neno STUDLESS, au kimchoro cha mlima wenye vilele vitatu na ndani yake kipande cha theluji, hizo ni tairi za theluji.

Huku tunabadilisha tairi mara mbili kwa mwaka, baridi ikiingia tunafunga za winta, ikiisha tunarudisha za joto, na kukiwa na theluji au barafu barabarani sheria inakutaka uwe nazo. Sababu ni mpira wenyewe. Tairi ya kawaida ikishuka chini ya nyuzi kama 7 inakakamaa, ya winta imetengenezwa laini ili kwenye baridi ibaki inashika, na kashata zake zimechanjwa vimstari vingi vyembamba kama umepitisha wembe. Sasa huo ulaini ukiuleta kwenye lami ya Mwanza saa saba mchana tairi inakuwa kama ubani uliotafunwa. Inaisha haraka, kwenye kona gari inacheza, na ukifunga breki inaenda mbali kabla ya kusimama. Kule kaskazini mwa Japan kuna theluji nyingi, kwa hiyo gari nyingine zinapanda meli hivyohivyo na tairi zake za winta, huku kwetu mtu anaona kashata nene anashangilia.

Kiboko ya Lami
Tairi ni tairi bwana, mnamtisha jamaa. Mi nimetembelea hizo studlesi mwaka mzima Mwanza Shinyanga sijafa.

Msukuma Ughaibuni
Hujafa sawa, ila ulizitumia mwaka mzima zikaisha si ndio? Za kawaida zingekaa miaka mitatu.

Kiboko ya Lami
Ziliisha miezi minane kusema ukweli 🙈

Mama Koku
Shikamoo Fundi, wengine habari zenu. Mimi hiyo njia naiendesha kila Desemba, mwanamke na watoto wangu nyuma, kwa hiyo nisikilize shemeji.

Kwanza sato waache. Bukoba kuna ziwa lilelile, unawapelekea samaki wa nini? Mchele ndio, na sukari, na mama mkwe mchukulie kitenge kizuri.

Toka saa kumi na mbili asubuhi. Usagara unaingia kulia kwenda Kigongo. Zamani pale kivukoni tulikuwa tunanung'unika kusubiri, unakaa lisaa, likizo ndo usiseme foleni mpaka unakata tamaa, lakini watu walikuwa wanashuka, wanakula mahindi, wanalala kidogo, dereva anavuka amepumzika. Toka daraja lifunguliwe mwezi wa sita 2025 zile kilomita tatu unazipita watoto hawajamaliza hata kupiga picha, raha sana, ila nimegundua nafika Geita bila kusimama na mpaka Chato macho yananiuma. Kwa hiyo sasa hivi nimejiwekea kituo mwenyewe, Geita lazima nishuke, chai, watoto msalani, nazunguka gari naangalia tairi, dakika ishirini zinatosha.

Katoro na Buseresere pita taratibu mno, bodaboda na watu wa mnada wanaingia barabarani kama sebuleni kwao, na msimu huu kila mtu ana hela ya dhahabu na haraka. Baada ya hapo barabara inafunguka, na hapo ndipo watu wanapojisahau. Ukianza kupanda huku kwetu Muleba mvua inabadilika ghafla, ukungu unashuka, kona na migomba huoni mbele. Washa taa za mbele ziwe za chini, full inarudisha mwanga usoni kwako. Na jamani hazadi sio taa ya mvua! Mtu anatembea nazo nashindwa kujua kasimama au anakata kona. Kioo kikiingia mvuke washa AC ielekeze kwenye kioo, usifute na mkono utaacha mafuta.

Halafu Novemba na Desemba ni senene, wale panzi wa kuliwa. Jioni wakishuka wanafuata mwanga, na watu nao wanawafuata, watoto na ndoo mpaka kwenye lami, hawaangalii gari. Wewe hakikisha saa kumi jioni umeshapita Kemondo.

Mtu wa Igoma
Wakuu nimerudi. Nimeenda na tochi ya simu nimechuchumaa kama mwizi, mama watoto anauliza unatafuta nini. Zote nne zimeandikwa STUDLESS. Na kuna namba nne kwenye kiduara cha yai, 4313, ndo nini hiyo?

Fundi Mstaafu
Wiki ya 43 mwaka 2013. Hata zingekuwa za jua, umri huo usipakie watoto.

Mtu wa Igoma
Dah. Nimempigia aliyeniuzia anasema mbona ni tairi za baridi zitasaidia kwenye mvua. Nikamwambia asante kaka. Kesho naenda kununua nne mpya na nitasoma namba kabla ya kulipa, hela ya kitenge itabidi ingoje mwisho wa mwezi, Mama Koku niombee. Thamostati kweli haipo, fundi amekiri ameikuta hivyo, na feni imegoma kuwaka, kumbe ndo ilikuwa inafichwa. Natoka tarehe 22 saa kumi na mbili. Sato nimewaacha.

Mama Koku
Kitenge kopa. Tairi nunua.