Kilengeo cha mbele cha bastola sikioni vizuri tena, nipake rangi gani?

Mzee wa Bombo (Jumamosi, saa 2 usiku)

Wandugu, salaam. Mimi mstaafu wa jeshi, miaka 54, niko hapa Bombo, Uganda. Siku hizi nauza na kununua ng'ombe, na kwa sababu ya safari za minadani nina bastola ya 9mm yenye kibali. Ni ya zamani, chuma kitupu, vilengeo vyote viwili vyeusi kama masizi.

Zamani nikinyosha mkono, kile kinundu cha juu ya mdomo wa mtutu nakiona kama sindano. Sasa nakiona kama moshi. Mwezi uliopita nilienda uwanjani, mita 15, risasi 10. Ndani ya duara ziliingia 4. Kijana aliyekuwa pembeni yangu alijifanya anaangalia simu ili nisione anacheka.

Nikarudi nyumbani nikachukua rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu ile ya harusi, nikapaka kinundu chote, mbele, nyuma na juu. Kwa kweli kilionekana. Lakini wiki iliyofuata risasi zikaanza kwenda chini, zote, kama upana wa vidole vitatu. Na siku ya tatu rangi ikabanduka kama ganda la ndizi, nusu nikaikuta ndani ya ala.

Naomba ushauri. Rangi gani inashika? Na kwa nini risasi zilishuka? Bastola ni ileile, risasi ni zilezile, mkono ni huuhuu.

Boda wa Jinja

Mzee, nilisoma kichwa cha uzi haraka nikadhani bastola imekuingia sikioni. Nimekuja mbio na pole zangu.

Mzee wa Bombo

😂 Bado, kijana wangu. Sikio liko salama, jicho ndilo linaloniangusha.

Afande Mstaafu

Mzee mwenzangu, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi.

Kwanza, kabla hata ya kufungua kichupa: magazini nje, slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza) nyuma, angalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa jicho na uingize kidole. Risasi zikae chumba kingine kabisa, mlango umefungwa. Nasema hivi kwa sababu kupaka rangi ni kazi ya kukaa na bastola mkononi dakika nyingi, unaigeuza huku na huku, unaipuliza mdomo. Ukiweza, vua slaidi kabisa ufanye kazi na kipande cha chuma tu.

Sasa swali lako la risasi kushuka. Jibu ni rangi uliyopaka JUU ya kinundu. Umekirefusha. Kilengeo cha mbele kikiwa kirefu, ili kilingane na cha nyuma inabidi ushushe mdomo wa mtutu, na risasi inafuata mdomo.

Piga hesabu. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele kwenye bastola kama yako ni karibu sentimita 15. Shabaha iko mita 15, yaani mara 100 ya hapo. Basi kila kosa kwenye kinundu linazidishwa mara 100 likifika kwenye karatasi. Nusu milimita ya rangi ya harusi inakuwa milimita 50. Sentimita 5. Hivyo ndivyo vidole vyako vitatu.

Kwa hiyo paka uso mmoja tu, ule unaokutazama wewe unapolenga. Ukingo wa juu usiguswe, ubaki mweusi na mkali kama ulivyotoka kiwandani. Huo ukingo ndio unaopimia kimo. Rangi kazi yake ni kuita jicho lije mahali pale, basi.

Kijana wa Arua

Mimi ni mlinzi, natumia ya kampuni. Naweza kupaka pia? Na vile vya nyuma nipake rangi ileile ili vifanane?

Afande Mstaafu

@Kijana wa Arua hapana na hapana. Silaha ya kampuni si yako, hata tone la rangi unaomba ruhusa kwa mtunza ghala, ikiwezekana kwa maandishi. Wakikagua wakakuta alama ambayo haiko kwenye vitabu vyao utajieleza mpaka uchoke.

Cha nyuma acha cheusi. Ukipaka vyote rangi moja jicho halijui likae wapi, linaruka kama mbuzi kwenye shamba la watu. Kuna bastola zinakuja na nukta tatu nyeupe toka kiwandani, na mimi kuna mtu nimemwona anazizima zile mbili za nyuma kwa kalamu nyeusi ya wino usiofutika. Alifanya vizuri.

Dada wa Kucha, Kampala

Banange, wazee wangu! Mnabishana mambo ya rangi ya kucha na hakuna aliyeniita.

Bunduki sizijui na sitaki kuzijua. Ila nimekaa kwenye kiti cha kupaka kucha miaka 9, na ssebo Mzee wa Bombo, rangi yako ilibanduka kwa sababu moja tu: MAFUTA. Chuma chenu hicho mnakipaka mafuta kila siku, sivyo? Hata ukucha wenye mafuta kidogo ya mkono haushiki rangi. Mteja akija ametoka kukaanga mandazi namsafisha mara mbili.

Fanya hivi. Kwangua ya zamani yote kwa kijiti cha meno, si kwa kisu. Futa kwa pamba yenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, kisha pamba nyingine safi. Usikiguse tena kwa kidole! Mtu anafuta vizuri halafu anaweka dole gumba kuhakikisha kama pamekauka. Umerudi mwanzo.

Usipake nyekundu moja kwa moja juu ya nyeusi. Rangi za kung'aa, zile tunaziita neoni, ni nyepesi, zinapitisha mwanga. Chini pakiwa peusi zinafifia, unaona kitu kama damu iliyokauka. Anza na NYEUPE. Iache ikauke hasa, mimi ningeiacha usiku kucha kwa sababu huna haraka ya mteja. Halafu neoni, nyembamba mara mbili au tatu, kila moja isubiri ya kwanza ikauke. Mwisho ile angavu ya kufunika, tone moja.

Usitumie ile brashi ya kichupa, ni kubwa mno kwa kitu kidogo hivyo. Chovya ncha ya kijiti cha meno, ondoa ziada kwenye mdomo wa chupa, gusa katikati ya uso, acha rangi yenyewe itambae kuelekea pembeni. Ikivuka ukingo, kijiti kingine chenye asetoni, futa hapohapo kabla haijakauka. Na msinunue ya jeli, ile haikauki bila taa yake.

Afande Mstaafu

Dada, saluti. Nimekaa jeshini miaka 26 na sikuwahi kusikia habari ya nyeupe chini.

Nyongeza moja tu: vilengeo vingi vya siku hizi ni vya plastiki ngumu, na asetoni hula baadhi ya plastiki. Vingine vina kile kijiti kidogo cha kuvuta mwanga, hicho asetoni ikikigusa umekiharibu. Kama si chuma, tumia spiriti ya duka la dawa. Cha Mzee ni chuma, hana wasiwasi.

Mlenga wa Mbarara

Chungwa neoni. Nimemaliza.

Mwalimu wa Shabaha

@Mlenga wa Mbarara hujamaliza. Unalenga wapi? Mchana jicho la mtu hushika haraka zaidi rangi iliyo kati ya kijani na njano, ile ya makoti ya kumulika ya watu wa barabarani. Na viwanja vyetu vingi nyuma ya shabaha kuna tuta la udongo mwekundu, karatasi yenyewe imebandikwa kwenye boksi la kaki. Weka chungwa mbele ya hapo halafu uniambie umeona nini. Mimi nilipaka chungwa, nikapenda nyumbani mbele ya ukuta mweupe, nikafika uwanjani kinundu kikazama kwenye murram. Nikahamia njano ya ndimu.

Wengine kijani huwapotea kwenye majani, na kuna wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani toka kuzaliwa, wengine hawajui mpaka leo. Paka vijiti vya meno rangi tatu tofauti, simamisha kimoja kimoja kwenye udongo, rudi nyuma hatua moja, uone jicho lako linachagua nini. Rangi ya mwenzako ni ya jicho la mwenzako.

Na msidanganyike na neno "kung'aa". Neoni inachukua ile miale ya jua isiyoonekana na kuirudisha kama rangi. Usiku ndani ya nyumba haina jua, haina kitu. Ile ya kuwaka gizani kama uso wa saa inabidi uimulike kwanza na tochi, halafu hufifia. Ya tritiamu, gesi yenye mionzi hafifu, ndiyo hujiwakia yenyewe, nayo kila miaka 12 na kidogo mwanga wake hubaki nusu. Ukiwa nayo usiipake rangi juu, umefunika taa. Kwa usiku nunua tochi nzuri, kwa sababu hata kilengeo kikiwaka kama nyota bado hujajua aliye mbele yako ni mwizi au shemeji.

Mgeni_4471

*[Mchango umefutwa]*

Msimamizi

Mgeni, hapa hatuuzi wala hatuelekezani mahali pa kupata silaha. Anayetaka aende polisi aombe kibali, Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 ipo kwa ajili hiyo. Akirudia nafunga akaunti. Endeleeni.

Fundi Miwani, Mbale

Nimesoma mpaka hapa nikisubiri mtu aulize swali moja na hakuna aliyeuliza: Mzee wa Bombo, unalenga ukiwa umevaa miwani gani?

Mzee wa Bombo

Ninayo ya kusomea, +2.50, nilinunua kwa kijana wa barabarani. Nikiivaa shabaha inapotea kabisa na kinundu bado moshi. Nikivua, shabaha safi, kinundu moshi. Kwa hiyo nalenga bila miwani.

Fundi Miwani, Mbale

Ndiyo hapo sasa. Mzee wangu, hayo ni macho ya utu uzima, yanaanza kwenye miaka ya 40 kwa karibu kila mtu. Lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa, haiwezi tena kujikunja kuona karibu. Na jicho, hata la kijana, haliwezi kuona wazi umbali miwili kwa wakati mmoja. Kwenye bastola mnataka kinundu kiwe wazi na shabaha ibaki na ukungu kidogo, sivyo? Afande atanisahihisha.

Miwani ya +2.50 imepimwa kwa kitabu, kama sentimita 40 kutoka usoni. Mkono wako ukinyoshwa kinundu kiko sentimita 65 au 70. Ndiyo maana haikusaidii, imepita. Kama macho yako ya mbali ni mazima, lenzi ya karibu +1.50 inaweka uwazi hapohapo kwenye kinundu. Ni ileile tunayowapa watu wa kompyuta. Shabaha itafifia kidogo lakini haitapotea. Ila usinunue tena barabarani. Pima kila jicho peke yake, na pima umbali kwa futi ya fundi nguo, nyumbani, ukiwa umenyosha mikono mitupu. Usiende kliniki na bastola!

Ile ya vioo viwili ndani ya kimoja uiepuke kwa kazi hii, utainua kidevu kama jogoo anayewika ili uone kwa kioo cha chini, shingo itauma na mikono itashuka.

Na kama kuona kwako kunabadilika, leo vizuri kesho vibaya, pima sukari wiki hii hii. Hilo si la rangi wala la miwani.

Afande Mstaafu

Sina la kusahihisha. Kinundu wazi, shabaha ukungu. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo nilivyopigia watu kelele.

Mzee wa Bombo (baada ya wiki tatu)

Nimerudi na majibu.

Sukari iko sawa, alhamdulillahi. Jicho la kulia nimewekewa +1.25, la kushoto kioo kitupu. Rangi: nyeupe, njano ya ndimu mara mbili, angavu juu, kama Dada alivyosema. Nyeupe peke yake ilinichukua jioni nzima kwa sababu mara mbili ilivuka ukingo nikafuta nikaanza upya. Binti yangu akaninyang'anya kijiti akapaka yeye, slaidi mezani na bastola iliyobaki nimeifungia kabatini. Uso wa kinundu sasa ni njano tupu, na juu umebaki mstari mweusi mwembamba kama wanja.

Jana mita 15, risasi 10: zimeingia 8. Hazikushuka zote pamoja kama zile za mwanzo. Lakini mbili zilizokosa zimeenda kushoto-chini, karibu karibu. Afande, hapo nimepaka wapi vibaya?

Afande Mstaafu

Hujapaka vibaya. Unatumia mkono wa kulia?

Mzee wa Bombo

Ndiyo.

Afande Mstaafu

Basi ni kidole. Unakivuta kwa pupa mwishoni. Weka sarafu juu ya slaidi, bastola tupu, vuta bila kuiangusha, mara 20 kila jioni kuelekea ukuta usio na mtu nyuma yake. Hicho Dada hana rangi yake.

Dada wa Kucha, Kampala

Ninayo ya kidole pia, ssebo. Mlete mama, kwa huyo binti aliyeshika kijiti nitapunguza bei.